Seva Inapolemewa
Siku ya matokeo ya mitihani wazazi wengi hufungua tovuti kwa pamoja, nayo seva huanguka. Hapo wengine husema, "Ziongezwe prosesa." Ngojeni kwanza.

Katika Linux, amri ya uptime hutoa hesabu tatu za mzigo: wastani wa dakika 1, 5 na 15. Seva yenye prosesa 4 ikionyesha 4, si ajabu. Ikionyesha 40, tazameni kama prosesa zenyewe zinafanya kazi, kwa maana Linux huhesabu pia kazi zinazongoja diski. Prosesa zikiwa zimekaa bure, mara nyingi shida ni kumbukumbu: imejaa, na seva inahamishia vitu diskini, kwenye mwendo wa kobe. Ikizidi, Linux huua programu ili ijiokoe.

Dawa yake ni hesabu. Apache ya namna ya prefork, isipopangwa, huruhusu wahudumu 256. Kila mmoja akila megabaiti 50, jumla ni 12,800. Mwenye 8,000 atazitoa wapi nyingine? Basi aweke 2,000 kwa kazi nyinginezo. 6,000 zilizobaki azigawanye kwa 50, apate wahudumu 120. Wageni waliozidi wangoje mlangoni. Kungoja kidogo ni afadhali kuliko wote kurudi bila jibu.