Mahindi yenye kuvu si ya kuku wala ng'ombe

Msomaji, pengine umewahi kuletewa gunia la mahindi kutoka mashambani, ukalifungua na kukuta punje zimeshikana, zimeota ukungu wa kijani na zinanuka uvundo. Je, ulifanya nini? Wengi wetu huchagua punje nzuri tukazipeleka kusagwa, na zile mbaya tukawatupia kuku. Wengine huzianika juani, wakazichanganya na nzuri na kuziuza kwa gorogoro.

Kwa maoni yangu, tabia hii haina budi kukoma. Sumu tunayomlisha mnyama au kumuuzia jirani hurudi mezani petu.

Ukungu huo aghalabu hutokana na kuvu ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus. Makao yake ni udongoni, katika mabua na magunzi yaliyoachwa shambani. Upepo na wadudu huipeleka hadi kwenye mahindi na njugu karanga, hasa wakati wa kiangazi mmea unapodhoofika. Mahindi yakitiwa ghalani kabla ya kukauka, kuvu hiyo huzidi kuenea.

Kuvu hii haibagui. Huweza kushambulia mapafu ya ndege na ya binadamu, hasa mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua. Mkulima akichomwa jichoni na jani, inaweza kumletea kidonda kinachoharibu macho. Lakini hatari yake kubwa kwetu ni sumu inayotoa, iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Ugali ukiiva, sumu ingali humo.

Hatuna haja ya kutafuta ushahidi mbali. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani, na 125 kati yao wakafariki baada ya ini kuharibika. Mahindi ya madukani na sokoni yalipopimwa katika wilaya zilizoathiriwa, zaidi ya nusu yalikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa. Si hayo tu. Mtu anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini, na hatari huongezeka maradufu akiwa pia na ugonjwa wa ini wa hepataitisi B.

Na mifugo je? Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka wa 1960 kwa kulishwa chakula chenye njugu karanga zilizoharibika. Ng'ombe akila mahindi hayo, sehemu ya sumu hupitia kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Maziwa hayo ndiyo unayomtilia mtoto wako katika uji.

Najua utasema: mtu maskini atatupaje gunia zima ilhali watoto wana njaa? Swali hilo ni la haki, na ndiyo maana lawama zote haziwezi kumwangukia mkulima. Serikali za kaunti zafaa kumpelekea mashine za kukausha na za kupima unyevu karibu na shamba lake, ili mahindi yasihifadhiwe yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5. Na mahindi mabaya yanapoharibiwa kwa amri, mwenyewe alipwe fidia. Asipolipwa atayaficha, kisha atayauza usiku.

Nawe wa mjini una wajibu wako. Weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Ukiona ukungu, usile, usiuze, usitengenezee busaa, wala usimpe kuku. Hasara ya gunia moja ni nafuu kuliko matanga.