Upendo gani huu wa kumlalia mtoto?

Filamu ya "Music" ya mwimbaji Sia wa Australia ilitoka mwaka 2021. Ndani yake, msichana mwenye otizimu, ambayo wengine huiita usonji, akishikwa na hofu, jirani yake mwenye asili ya Ghana anamlalia kwa uzito wake wote, eti ni upendo. Upendo gani? Mtu akikandamizwa kifudifudi anaweza kukosa pumzi, na wapo waliokufa hivyo.

Waliopaza sauti kwanza ni watu wenye otizimu wenyewe. Walikasirika pia kwamba msichana huyo aliigizwa na Maddie Ziegler, asiye na hali hiyo. Sia aliomba radhi na kuahidi kuondoa sehemu hizo. Lakini filamu hiyohiyo iliteuliwa kugombea tuzo mbili za Golden Globe! Waliochagua walitazama nini?

Mashariki mwa Kongo, mama aliyekimbia vita na mtoto asiyesema, anayeziba masikio kelele za kambi zikizidi, mara nyingi hana daktari wa kumuuliza. Anachokiona kwenye simu anaweza kukijaribu usiku uleule. Majirani nao wanamwambia mtoto ni mchawi, ingawa sheria ya 2009 ya kulinda watoto inakataza tuhuma hiyo.

Mtoto huyo anahitaji watu wasogee, kelele zipungue, apewe muda. Mwenye ukumbi wa video akionyesha filamu hiyo, aisimamishe hapo na kuwaambia watazamaji: hili msilifanye.