Kishikwambi cha Linux kwa Kadiri ya Mfuko

Juma hili twazungumzia chombo ambacho wazazi wengi hukinunua kwa haraka na kukijutia baadaye: kishikwambi cha masomo. Kile cha Android cha bei nafuu hufanya kazi vyema mwanzoni. Baada ya miaka michache mtengenezaji huacha kukiletea masasisho ya usalama, programu mpya hukikataa, nacho huishia kabatini hali kioo chake kingali kizima. Familia hurudi dukani kutoa fedha nyingine.

Ndiyo sababu baadhi ya wazazi huulizia Linux. Kiini cha mfumo huu kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Ufini, na hata leo kila mtu ana ruhusa ya kuutumia na kuunakili bila malipo. Aina zake mashuhuri ni Debian, Ubuntu na Fedora. Masasisho yake hayamtegemei aliyeunda chombo, hivyo chombo kikongwe huweza kuendelea kutumika kwa usalama. Ndani yake mwana huandika insha kwa LibreOffice, na hati za Kiarabu huandikika bila gharama ya ziada, jambo lenye manufaa kwa wanafunzi wa madrasa.

Lakini tujihadhari. Android nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux, na muuzaji aweza kutwambia kuwa ni kitu kimoja. Sicho tukitafutacho. Wala si jambo jepesi kununua kishikwambi cha Android na kukibadilisha mfumo, kwani vingi vimefungwa na watengenezaji, na kila kimoja huhitaji programu zake mahususi za kuendesha kioo, sauti na kamera.

Zimesalia njia mbili. Ya kwanza ni kununua kipya kilichoundwa kwa ajili ya Linux, kama PineTab2 ya Pine64, iliyoanza kuuzwa mwaka 2023 kwa dola 159. Bei hiyo yavutia, ila bado hatujahesabu usafirishaji na ushuru. Tena ilipotoka, Wi-Fi yake ya ndani haikuwa ikifanya kazi. Ni chombo cha wajuzi wenye subira, si cha mtoto mwenye mtihani.

Ya pili, ambayo ndiyo tunayoipendekeza, ni kununua cha mtumba chenye prosesa ya Intel na kibodi ya kubandua. Mfano ni Microsoft Surface Go ya mwaka 2018, yenye kioo cha inchi 10. Windows 11 haikukipokea chombo hicho, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Linux hukipokea. Tuchague chenye kumbukumbu ya GB 8 badala ya GB 4, na tuulize iwapo kibodi na chaja zimo katika bei.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi; basi tusilipe kabla ya kujaribu. Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote kilichomo. Tumwombe kijana anayeifahamu kompyuta aitayarishe flashi ya Ubuntu, kisha afuatane nasi dukani. Surface Go ina tundu la USB-C pekee, kwa hiyo asisahau kiunganishi. Mbele ya muuzaji, tuguse kioo kila pembe, tuunganishe Wi-Fi, tusikilize sauti, na tuchomoe chaja tuone betri yadumu vipi. Kuibadilisha ni kazi ngumu, maana kioo kimegundishwa. Kamera ndiyo husumbua zaidi chini ya Linux, hivyo anayetaka masomo ya video aijaribu kwanza. Muuzaji akikataa majaribio haya, tumshukuru, twende kwa mwingine.

Neno la mwisho ni kwa mwalimu. Iwapo shule yahitaji programu ya Android pekee, Linux haitafaa, hata kama chombo ni cha bei ya chini kiasi gani. Swali hilo tuliulize shuleni kabla ya kuondoka nyumbani na fedha mkobani.