KURA YA LADHA NA KURA YA JASHO



Siku hizi makampuni makubwa yamepata njia mpya ya kuuza mali. Mnunuzi haambiwi "Nunua" tu, huambiwa, "Tafadhali piga kura, utuchagulie ladha mpya."

Huko Uingereza kampuni ya Walkers, watengenezaji wa krispi za viazi, ilianza shauri hili mwaka 2008. Watu walileta mawazo zaidi ya milioni moja. Ladha sita zikatiwa madukani, na mwaka 2009 ikashinda ile iliyoitwa Builder's Breakfast, yaani chakula cha asubuhi cha fundi mwashi. Mwenye wazo alipewa pauni 50,000, na ahadi ya sehemu moja katika mia ya mauzo yake. Mwaka 2010 ladha hiyo ikaondolewa madukani. Marekani nako, Lay's walifanya vivyo hivyo mwaka 2012, zawadi ikiwa dola milioni moja au zaidi.

Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Lakini tulitazame vizuri. Mpiga kura lazima kwanza anunue pakiti apate kuonja. Kisha humwambia jirani, naye jirani hununua. Hivyo mnunuzi amekuwa mtangazaji asiye na mshahara, na tajiri amejua mapema kitakachouzika. Jina la mwashi limepata heshima juu ya pakiti, lakini anayemenya, anayekaanga na anayepakia hakutajwa katika kura ile.

Sasa sikilizeni habari ya Topeka, Kansas. Mwezi wa Julai 2021, wafanya kazi mia sita hivi wa kiwanda cha Frito-Lay, watengenezaji wa Lay's hizo hizo, waligoma. Walilalamika kwamba walilazimishwa kufanya ovataimu, zamu za saa 12, na wengine siku saba kwa juma. Waliletewa mapatano, wakapiga kura kuyakataa. Baada ya karibu majuma matatu wakapiga kura tena, na safari hii wakakubali: kila mtu apate walau siku moja ya kupumzika kwa juma, na nyongeza ya mshahara ya nne kwa mia katika miaka miwili.

Ndugu, pimeni kura hizo mbili. Ya kwanza ilileta ladha iliyodumu mwaka mmoja hivi. Ya pili ilimrudisha baba nyumbani kwa watoto wake siku moja kwa juma.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mfanya kazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Lakini sheria iliyo kitabuni haimpumzishi mtu asiyeidai. Nani ataidai, ikiwa mkutano wa tawi unaitwa na viti vinabaki vitupu? Wako wenzetu ambao hawakosi bahati nasibu ya kampuni yo yote, lakini siku ya kuchagua viongozi wa chama husema wamechoka.

Chagueni ladha mpendayo, hakuna anayewakataza. Lakini msimwachie mtu mwingine kura ya jasho lenu. Mkutano wa tawi ukiitwa, njoni.

Umoja ni Nguvu.