Kwaheri ya Kidato cha Nne isimwache mtu mlangoni

Kila mwaka muhula wa pili unapoyoyoma, kuna barua ndogo inayoletwa nyumbani na mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Si ya karo wala si ya mtihani. Inaomba pesa za karamu ya kuagana. Vijana wetu huiita promu, na ukithubutu kuuliza ni kitu gani hicho, mpenzi msomaji, utaangaliwa kama mtu aliyeshuka jana kwenye basi la kutoka mashambani.

Basi usiulize tena. Neno lenyewe limekatwa kutoka "promenade", yaani matembezi ya madaha. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani walianza dansi hizo mwishoni mwa karne ya 19, kisha zikashuka hadi shule za upili. Sisi tulizijua kwanza kupitia filamu: kijana amevaa suti nyeusi, msichana ana ua mkononi, na gari refu linangoja nje.

Lakini msidhani, enyi vijana, kwamba kabla ya filamu hizo watu hawakujua kuagana. Shule za Kenya zimekuwa na fanki zao, siku ambapo wavulana wa shule moja hualikwa kucheza na wasichana wa shule nyingine. Zimekuwa pia na siku ya maombi, ambapo wazazi huja kuwabariki watahiniwa. Desturi hiyo ilizoeleka mno hivi kwamba mwaka wa 2016 Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alipopiga marufuku maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu, ili kuzuia wizi wa mitihani, wengi walihisi kwamba watoto wao wanaondoka shuleni bila kuagwa.

Nasi wa Majengo ndio hatuwezi kuambiwa kwamba dansi ni jambo la wageni. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mapema katika miaka ya 1920, Mwafrika akapewa ploti ajijengee nyumba ya udongo mwenyewe. Haukupita muda mrefu kukawa na Memorial Hall, na humo wazee wetu walikunywa chai, wakafanya mikutano na kucheza dansi.

Mimi nilifanya KCSE mwaka wa 2008 katika shule ya kutwa huku Eastlands. Anayeukumbuka mwaka huo anajua ulivyoanza. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini, na shule zikachelewa kufunguliwa. Tuliporudi darasani tulikuta madawati matupu. Baadhi ya wenzetu walikuwa wamehamishiwa mashambani, wengine tusiowajua wakaletwa kwetu. Kibaki na Raila walitia saini mkataba wa amani tarehe 28 Februari, lakini mkataba wa darasani haukuwa umetiwa saini na yeyote. Watu waliokuwa wakigawana andazi moja sasa walikaa kwa makundi ya lugha za nyumbani. Hatukutukanana. Tulinyamaza tu, na kunyamaza huko kulidumu miezi.

Ndiyo maana mwalimu wetu wa darasa alipotangaza kwamba kutakuwa na karamu ya kuagana mwezi wa Oktoba, hakuna aliyeshangilia. Kila mmoja alijiuliza atakaa na nani. Tena kulikuwa na suala la pesa. Mchango ulikuwa shilingi 300, na kuna nyumba ambazo shilingi 300 ilikuwa chakula cha siku mbili.

Mwalimu yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweka kisanduku cha mbao juu ya meza, akampa kila mwanafunzi bahasha moja, zote za rangi moja. Akasema, "Kila mtu atarudisha bahasha yake ikiwa imefungwa. Asiandike jina. Aliye na 300 atie, aliye na 50 atie, asiye na kitu afunge bahasha vivyo hivyo." Ijumaa yake tulipita mmoja mmoja tukazitumbukiza. Hadi leo sijui ni nani aliyetia nini, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba pesa zilitosha, maana waliojaliwa walizidisha kimyakimya.

Ikabaki shida ya nguo. Gikomba iko hapo karibu, na mkazi wa Majengo anajua kwamba mitumba ina ngazi zake. Kuna kamera, yaani zile nguo safi zinazochaguliwa kwanza bale inapofunguliwa, na kuna fagia, zile za mwisho kabisa. Mfuko wangu ulikuwa wa fagia. Lakini Idi ilikuwa imepita siku chache tu, na jirani yetu, mama Mwislamu ambaye ua wake na wetu ulikuwa mmoja, alikuwa amemshonea bintiye gauni la kijani lenye nakshi shingoni. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikashindwa kuendelea. Akacheka. "Marahaba mwanangu. Mama yako ameshaniambia. Nguo ya Idi haifungiwi sandukuni kungoja Idi nyingine. Chukua, ila usinirudishie na doa la soda!" Mimi si Mwislamu, lakini siku hiyo nilivaa Idi ya watu na ikanikaa vizuri.

Sasa cheka kidogo, mpenzi msomaji. Huo "usiku" wetu wa dansi ulianza saa nane mchana na kumalizika saa kumi na mbili jioni, kwa sababu hakuna mzazi wa Eastlands ambaye angemruhusu binti kuwa nje baada ya hapo. Giza tulilitengeneza wenyewe kwa kutundika mablanketi madirishani ili taa za rangi zionekane. Tulikula pilau, kila mtu akapata soda moja. Mwalimu wa zamu alipita katikati ya wachezaji akiwa na rula ndefu ya ubaoni, akihakikisha kwamba nafasi kati ya mvulana na msichana ni ya kuridhisha.

Kwa muda tuliketi kwa makundi yale yale. Kisha ukapigwa muziki wa Jua Cali, ambaye jina lake la usanii limetokana na mtaa wa California, majirani zetu wa Majengo. Mwimbaji wa kwetu akiimba, utakaaje? Mmoja akainuka, wa pili akafuata, na baada ya nyimbo tatu hivi ungetafuta kundi usilione. Msichana ambaye hakuwa amenisemesha tangu Januari alinishika mkono, akaniuliza kama gauni langu ni la kamera. Nikamwambia ni la Idi. Tulicheka hadi machozi, na tukarudi kuwa marafiki bila hotuba ya mtu yeyote.

Nakueleza haya kwa sababu barua za siku hizi zinanitia wasiwasi. Nasikia za hoteli, za suti za kukodi, za mpiga picha wa kulipwa, na mchango unaohesabiwa kwa maelfu. Mzazi mwenye uwezo anaweza kuona ni furaha ya siku moja, basi na iwe. Lakini fikiria yule mtoto ambaye ameketi na wenzake miaka minne, kisha siku ya mwisho anasomewa orodha ya waliolipa na jina lake halimo. Huyo hatakumbuka kwamba aliagwa. Atakumbuka kwamba alifungiwa mlango.

Mzazi, usiipinge karamu. Kijana anahitaji siku ya kufunga ukurasa, naye akinyimwa ya wazi ataitafuta ya kificho. Bali nenda kwenye mkutano wa wazazi ukapendekeze ukumbi wa shule badala ya hoteli, na bahasha zisizo na majina badala ya orodha. Mwalimu, saidia hilo liwezekane. Nawe mwanafunzi, ukiwa na nguo mbili, mwazime mwenzako moja. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Haya, Jumapili njema, na watahiniwa wote nawatakia mtihani mwema.