Simu ya Usiku

Mawe ya koltani ya Rubaya, katika Masisi, hutoa tantali, madini yatumikayo ndani ya simu. Basi kitu kilichochimbwa katika udongo wetu chaturudia mikononi, tena hakirudi kitupu.

Mwezi wa Machi 2025, askari wa M23 walipoingia Walikale mjini, kijana mmoja tuliyemfundisha zamani alikuwa mbali na kwao. Usiku alipelekewa kwa WhatsApp picha za maiti, pamoja na sauti ya mtu ikisema kwamba hicho ndicho kijiji chake. Akazitazama hata kukapambazuka. Siku tatu chakula hakikumpita kooni. Siku ya nne mama yake akapanda kilima, akapata mtandao, akampigia: wote wazima, wamejificha msituni. Picha zile hazikuwa za kwao kamwe.

Twaungama: picha hizo hizo tulizipokea sisi pia, tukawapelekea wengine kabla ya kuuliza lolote. Mwalimu mzima!

Hatuwaambii vijana wazitupe simu. Kwa watu waliotawanyika, simu ndiyo barua, tena ndiyo ngoma ya hatari. Lakini kuamka saa nane za usiku kutazama damu hakumwokoi mtu yeyote huko Masisi.

Kijana yule sasa humkabidhi dada yake simu baada ya chakula cha jioni, akairudishiwa asubuhi. Siku za kwanza, asema, mkono wake uliipapasa gizani mkekani. Ndoto mbaya zingali zinamjia, ila si kila usiku.