Nyumba ya Mbali na Nauli ya Kila Siku

Kila mwaka, shule zikaribiapo kufunguliwa mwezi wa Septemba, huonekana katika barabara za Lubumbashi mikokoteni iliyopakiwa magodoro, masufuria na viti. Ni jamaa zinazohama. Mara nyingi sababu ni hii: mwenye nyumba ameongeza bei, naye baba ameona heri kutafuta nyumba nyingine ya bei ndogo, hata ikiwa mbali. Juma hili twataka kusema na baba huyo, na mama vilevile, maana ndiye ashikaye fedha za chakula, kabla hawajafunga mizigo yao.

Wazee wa mji huu hawakuyajua sana mashaka hayo. Mfanyakazi wa Union Minière alipewa nyumba kambini, karibu na tanuru na bomba lake refu, akaenda kazini kwa miguu. Wengine walikaa Kamalondo, kisha Kenya, ng'ambo ya lile eneo tupu lililowatenga Wazungu na Waafrika. Hata hivyo mji haukuwa mbali. Katika miaka ya 1950 watu walipopewa viwanja Katuba na Ruashi, ndipo safari zilipoanza kuwa ndefu. Lakini tusiisifu mno zamani hiyo: aliyefukuzwa kazi alipoteza na nyumba pia.

Gécamines, iliyorithi mahali pa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Miaka kumi baadaye haikufikisha hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi wapata 10,000 waliiacha kazi kwa kupewa fedha kidogo za kuagia. Na katika miaka hiyohiyo, baada ya sheria ya madini ya mwaka 2002, yalikuja makampuni mapya, na pamoja nayo wageni wenye dola. Basi nyumba zikawa bidhaa ya thamani, na mwenye mshahara mdogo akasukumwa pembeni mwa mji.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa jamaa inayokaa Kamalondo kwa dola 80 kwa mwezi. Mwenye nyumba ataka 95. Baba akasirika, akapata nyumba ya dola 60 huko pembeni, akafurahi kwamba ameokoa dola 35. Tuseme dola moja ni franka 2,500: ameokoa franka 87,500. Lakini kutoka Kamalondo alikuwa akienda kazini mjini kwa miguu. Sasa apanda magari mawili asubuhi na mawili jioni. Ikiwa kila gari ni franka 1,000, kwa siku 26 za kazi atalipa franka 104,000. Faida yote imekwisha, na bado hatujamtaja binti yake anayemalizia masomo mjini. Yeye naye, kwa siku 22 za shule, atalipa franka 88,000, au ataamka saa kumi ya usiku na kutembea gizani. Msomaji na aweke nauli ya njia yake mwenyewe badala ya hizi zetu. Njia ya kuhesabu ni ileile.

Kwa hiyo anayetafuta nyumba asiulize tu, “Ni mbali kiasi gani?” Na aulize, “Ni magari mangapi?” Katika Lubumbashi barabara kubwa karibu zote zaelekea katikati ya mji. Anayekaa Katuba na kufanya kazi Ruashi hana budi kupita mjini na kulipa mara mbili, hali yule anayekaa mbali zaidi, lakini kando ya barabara ya taksi-bisi iendayo moja kwa moja kazini kwake, hulipa mara moja. Tena jioni, watu wakiwa wengi, madereva wengine huikata safari katikati, na nauli moja yageuka mbili. Mambo hayo hayajulikani siku ya Jumapili alasiri, barabara ikiwa tupu, siku ambayo komisioneri hupenda kuonyesha nyumba. Nendeni mkaijaribu njia siku ya kazi, saa kumi na mbili ya asubuhi. Mkaulize pia majirani habari za masika. Kati ya Novemba na Machi kuna mitaa ambayo gari haliingii kwa matope, na mwenye pikipiki hutaja bei aipendayo.

Upo pia upandaji wa bei usiosemwa. Nyumba nyingi hupangishwa kwa dola, na wapangaji wengi hupokea franka. Franka ikishuka, kodi imepanda, ingawa mwenye nyumba hakufungua kinywa. Yafaa neno hilo lizungumzwe kabla ya kuingia, pamoja na lile la kuongeza bei: itaongezwa lini, kwa kiasi gani, na mpangaji ataarifiwa miezi mingapi mbele. Kuhusu garanti, sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema kwamba kwa nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3. Bado wako wanaodai miezi sita au zaidi, nao wapangaji hukubali kwa kuogopa kukosa nyumba. Anayeijua sheria aweza angalau kuitaja kwa upole.

Hatusemi kwamba kila mwenye nyumba ni mnyang'anyi. Katika parsele nyingi za Kenya na Kamalondo, mwenyewe ni mama mjane anayelisha wajukuu kwa vyumba viwili vya nyuma. Bei ya unga ikipanda sokoni, yapanda kwake pia. Kwetu sisi, anayeongeza kidogo kila mwaka ni afadhali kuliko yule anyamazaye miaka minne kisha ataka maradufu kwa ghafula.

Nyumba njema mara nyingi hazipiti kwa komisioneri. Husikika katika shirika, sokoni, kwa jirani anayejua nani atahama mwisho wa mwezi, na hapo hakuna ada ya kulipa. Ulizeni huko kwanza. Ulizeni pia kama kompta ya umeme ni ya nyumba moja au ya parsele nzima, na maji yatoka wapi.

Na yule baba wa dola 95? Afadhali arudi kwa mwenye nyumba pamoja na mkewe, wakiwa na hesabu yao mkononi, wamwombe 85 mwaka huu na 90 mwaka ujao, nao wamlipe miezi miwili mbele kama wanazo. Akikubali, waandike karatasi mbili zenye tarehe na sahihi za wote, kila mmoja akae na yake.